Kungwi wa Mke, na Mume Asiye na Kungwi

Mkanganyiko wenyewe

Katika milango yote ya maisha ya ndoa, hakuna unaozungumzwa sana siku hizi na kufahamika kidogo kama mlango wa chumbani. Katika darsa za misikitini Mombasa na Unguja, katika mafundisho ya ndoa makanisani, katika vipindi vya redio vya usiku wa manane na juu ya nguzo za umeme za Dar es Salaam zilizobandikwa matangazo ya dawa za nguvu za kiume, watu wazima waliokwisha kuishi pamoja miaka kumi, ishirini na zaidi huambiwa mambo manne yasiyopatana. Wa kwanza huwaambia kwamba haya ndiyo ngao ya nyumba, na kwamba mwenye adabu hanung'uniki kwa habari za kitandani. Wa pili, kwamba kosa ni la mke asiyefundwa akafundika. Wa tatu, kwamba hakuna dhiki isiyoondoka mume na mke wakikaa wakaambiana kila kitu bila ya kificho. Na wa nne, kwamba hayo yote ni maneno ya watu wasio na kazi, maana ugonjwa ni ugonjwa na hospitali zipo. Msikilizaji aliyetoka kwake na dhiki moja hurejea nayo imezaa mapacha.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu yatokana na jina, kwa kuwa kutoridhika kitandani si jambo moja. Kuna mmoja kutaka mara nyingi kuliko mwenziwe, hali ambayo ndoa nyingi ndefu huipitia wakati mmoja au mwingine, na ambayo watu huieleza kwa neno zito la kunyimwa unyumba. Kuna mmoja kubaki njiani ilhali mwenziwe amekwisha kufika, amegeuka na anakoroma. Kuna maumivu ambayo mke huyameza mwaka baada ya mwaka kwa kudhani ndiyo majaaliwa ya wanawake. Kuna uchovu na mazoea, ambayo hayana mkosaji. Na kuna ghadhabu zilizozaliwa mchana, kwa habari ya fedha au mawifi au mke wa pili, zikangoja usiku zipate kulipiza. Mwenye kuyaita yote haya kwa jina moja ni sawa na tabibu anayeandika "homa" kwenye cheti cha kila mgonjwa, kisha akashangaa mbona dawa yake humponya mmoja na kumwacha wa pili vile vile.

Hata hivyo, dhiki hizi zina jambo moja la ushirika: katika kila mojawapo kuna neno ambalo mmoja analo moyoni na mwenziwe hajapata kulisikia. Ndiyo sababu mjadala umegeuka kuwa mjadala wa kusema na kunyamaza. Ili kuupima, sharti turudi nyuma kidogo tutazame ni nani katika pwani hii aliyefundishwa kusema, alifundishwa aseme na nani, na kwa lugha gani.

Elimu iliyokwenda upande mmoja

Wako wadaio kwamba Mswahili kwa tabia yake hakuyazungumza mambo ya unyumba mpaka redio na magazeti yalipomfungua kinywa. Madai hayo hayana msingi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapwa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903, aliandika habari za unyago na makungwi bila ya kutahayari. Miaka 45 kabla ya hapo, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi ambamo mke hufundishwa namna ya kumtunza mumewe, kumkanda, kumpepea na kujipamba kwa ajili yake. Na katika Unguja, Mombasa na mrima wote, unyago uliokuja na watu wa kusini, Wayao, Wamakonde na Wanyasa, wengi wao wakiwa wameletwa kwa utumwa, ulikuwa chuo kamili, chenye walimu wake, ngoma zake na siri zake. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa kilichotoka mwaka 1979, ameeleza habari za makungwi wa mji ule. Na hapo Unguja Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa na sifa mbili zilizokwenda sambamba, ya kuimba taarabu na ya kupiga ngoma ya unyago.

Chuo hicho kilikuwa na lugha, na hapa pafaa tutue kidogo. Kiswahili cha kila siku kina maneno ya namna mbili kwa mambo haya: ama ni matusi, ama ni maneno ya kitabuni na hospitali. Ya kwanza huvunja heshima. Ya pili, mtu akiyatamka kitandani, yana baridi ya koleo la daktari. Mafumbo ya kungwi yalijaza pengo lililo katikati. Mwari alipewa kinu na mchi, chungu na mafiga, akaambiwa afumbue. Na alipofumbua vibaya walicheka, na katika kicheko kile akajifunza kwamba jambo hili laweza kutajwa na mtu asipungukiwe na utu wake. Kwa haki ya kusema, Kiswahili kilijijengea hapo ghala la thamani.

Upungufu wake ni kwamba ufunguo wa ghala ulipewa mmoja. Kijana wa kiume alikuwa na jando, na katika makabila mengi ya bara jando lilikuwa pia darasa la maisha ya ndoa; lakini katika miji ya pwani mtoto hutahiriwa angali mdogo, siku hizi aghalabu hospitalini, akiwa hana umri wa kufundishwa lolote isipokuwa kutolia. Kisu kikabaki, mafunzo yakaondoka. Wazee wa dini watasema, na wana haki, kwamba vitabu vilikuwapo: Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika mlango wa adabu za nikahi wa kitabu chake cha Ihya, amemtaka mume atangulize maneno mema na mabusu, na amemkataza kuondoka baada ya kupata haja yake kabla mkewe hajaipata yake, kwa kuwa ya mke huenda ikachelewa. Maneno hayo yana umri wa zaidi ya miaka 900, wala hakuna mshauri wa ndoa wa leo aliyeyapita mbali. Walakini kitabu kilikuwa kwa Kiarabu, kwenye rafu ya sheikh, na kijana alikuwa barazani, ambako aliyoyasikia yalikuwa majigambo. Wa leo yuko na simu yake, ambako anayoyaona ni maigizo ya watu waliolipwa. Na sina hakika kama amefaidika kwa kuhama.

Basi ndoa ya pwani ilianza, na mara nyingi ingali inaanza, na mke aliyefundishwa lugha ambayo mumewe hakuisikia, na mume aliyeambiwa kwamba mwanamume huzaliwa anajua.

Hoja ya wenye sitara

Wenye kushika upande wa sitara hawatetei ujinga, kama wapinzani wao wanavyowasingizia. Hoja yao ni kwamba mume na mke wenye adabu husemezana sana, ila kwa ishara. Na ni kweli. Mke amekwisha kuoga, amejifukiza udi, ametoa kanga mpya sandukuni, ametia asumini mtoni na chumba kimebadilika harufu: mume akiingia hana haja ya kuambiwa. Katika baadhi ya nyumba hata shanga za kiunoni zina kauli, nyekundu zikimjulisha mume kwamba mkewe yumo katika siku zake, nyeupe kwamba ametoharika. Kinyume chake, kanga kuukuu, mtoto aliyelazwa katikati na mgongo ulioelekezwa mlangoni ni maneno ya namna ya pili. Na hasira ikizidi, mmoja hugeuza mto akalala mzungu wa nne, ili mwenziwe aamke na nyayo usoni badala ya uso.

Ubora wa lugha hii ni mkubwa kuliko vijana wanavyodhani. Anayekataliwa kwa ishara hakuvunjiwa heshima, kwa kuwa hakuomba kwa kinywa. Wote wawili huamka asubuhi wakanywa chai kana kwamba hapakuwa na ombi wala jibu. Fauka ya hayo, ni lugha iliyokubaliana na nyumba. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi ukipita katikati, kama zilivyojengwa kwa maelfu Kariakoo ya Dar es Salaam na Ng'ambo ya Unguja, mara nyingi haina dari. Ukuta huishia chini ya paa, na sauti ya chumba cha kwanza hupita juu ikashukia cha tatu, aliko mpangaji, au mama mkwe. Mshauri anayewaambia watu kama hao wazungumze kwa uwazi usiku hakuitazama nyumba yao.

Udhaifu wake ni wa msamiati. Ishara ina neno la "karibu", ina neno la "leo hapana", na ina neno la "nimekasirika". Haina "polepole", haina "hapo panauma", haina "bado". Udi hauwezi kumwambia mtu kwamba ana haraka. Kwa hiyo ndoa iendeshwayo kwa ishara tupu yaweza kudumu miaka 30 ikikubaliana vizuri sana juu ya lini, pasipo kupata kuzungumza hata mara moja juu ya vipi. Na mke ambaye dhiki yake ni ya vipi hulazimika kuitumia ishara pekee aliyo nayo, ambayo ni kukataa. Mume naye husoma kwamba hatakiwi, ilhali alichokataliwa ni haraka yake. Nadhani sehemu kubwa ya kesi zinazoitwa za kunyimwa unyumba zina mzizi huu, tafsiri mbaya ya ishara nzuri.

Hoja ya wenye mafunzo

Upande wa pili husema: basi na tufundishe. Huko bara na katika miji mikubwa, tangu miongo ya mwisho ya karne iliyopita, mafunzo hayo yamevaa nguo mpya ya kichenpati, ambako bibi harusi hupewa masufuria na vikombe, na baina ya sufuria na sufuria hupewa wasia ambao mama yake mzazi, kwa haya, hutoka nje unapotajwa. Makungwi wa kulipwa hualikwa kutoka mitaa ya mbali, na baadhi yao wamepata majina makubwa.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba elimu ni bora kuliko giza, na kwamba desturi ya kungwi ilitoa kitu ambacho kichenpati kwa haraka zake imekisahau: mtu wa kurejewa. Somo wa bibi harusi, yaani kungwi wake, hakuwa mwalimu wa siku saba. Alikuwa wakili wa maisha, na mke aliyeolewa miaka kumi aliweza kumwendea alasiri moja akamweleza shida yake, naye akaipitisha kwa njia zake mpaka ikamfikia mume. Kwa upande wa mume mlango ulikuwa bibi yake, ambaye kwa utani wa mjukuu na bibi alikuwa na ruhusa ya kumwita mumewe na kumuuliza mambo ambayo mama yake hangeyagusa. Neno lilizunguka, lakini lilifika.

Walakini mafunzo haya yana dosari iliyo sawa na kasoro ya mizani ya duka, kila kipimo kinaelemea upande ule ule. Mwanafunzi ni mke peke yake. Anafundishwa kiuno, mapishi, singo, usafi, maneno ya kumpokea mume. Na mwisho wa mafunzo amebeba mabegani dhamana ya raha ya watu wawili. Mume akitoka nje, mtaa utauliza mke alikosea nini. Mke asiporidhika, mtaa hauna hata swali la kuuliza, kwa kuwa kuridhika kwake hakukuwamo katika somo. Siku hizi wapo wanaofundisha juu ya haja ya mke pia, lakini bado wamfundisha yeye, hawamfundishi yule ambaye mkono wake unahusika. Na kuna hatari ya pili: kungwi hufundisha mume kwa jumla, mwanamume kama alivyo katika mafumbo, ilhali mke huyu anaishi na mtu mmoja mwenye jina, mwenye mgongo unaomuuma, anayependa hiki na kuchukia kile. Aliyehitimu vizuri sana huenda akapitisha miaka akimpa mumewe vitu ambavyo mume hakupata kuvitaka, na mume, kwa kumwonea huruma, akavipokea.

Hoja ya kusema wazi

Upande wa tatu umekuja na washauri wa ndoa, vitabu na mafundisho kutoka ng'ambo, na chimbuko lake lajulikana. Mwaka 1970 William Masters na Virginia Johnson wa Marekani walitoa kitabu juu ya matatizo ya tendo la ndoa na tiba yake, na msingi wao ulikuwa kwamba mgonjwa hawi mmoja. Hutibiwa wawili pamoja. Mwaka 2000 daktari Rosemary Basson wa Kanada alipendekeza kwamba kwa wanawake wengi, hasa walio katika ndoa za muda mrefu, hamu haitangulii kama njaa, huja nyuma ya ukaribu, ya kuguswa vizuri na ya utulivu wa moyo. Jambo hili la pili, lau lingejulikana, lingeondoa fitina nyumba nyingi, kwa kuwa mume hupima upendo wa mkewe kwa hamu inayojitokeza yenyewe, na asipoiona hudhani imehamia kwa mwingine.

Hoja ya kusema ina haki ambayo hizo nyingine hazina: ni hiyo peke yake inayompa mwenye dhiki njia ya kutaja vipi. Lakini wanaoihubiri huipunja kwa kuifanya rahisi. Kusema kuna saa yake na umbo lake. Tumchukue mke aliyeolewa miaka 18, ambaye usiku mmoja, baada ya mume kugeuka, anasema: "Baba Salma, miaka yote hii mimi hujapata kunifikisha." Kila neno ni kweli, na sentensi nzima ni msiba. Mume hasikii ombi; asikia hukumu ya miaka 18, iliyosomwa akiwa uchi, na kwa kuwa hakuna rufaa atajitetea kwa kushambulia, au kwa kunyamaza mwezi mzima. Mke yule yule, siku mbili baadaye, mchana, watoto wako chuoni, akichambua mchele, akisema: "Baba Salma, unakumbuka usiku ule tuliotoka harusini Tanga? Hukuwa na haraka siku ile. Nautamani usiku ule," ametoa habari ile ile, lakini ametoa pamoja nayo njia ya kupita, na mume ambaye hana kumbukumbu yoyote ya Tanga atajitahidi aikumbuke.

Kuna jambo zito zaidi ambalo washauri hulisahau. Uwazi haugharimu wawili sawa. Mke asiye na kipato, ambaye kodi ya chumba na chakula vyatoka kwa mume, na ambaye talaka yake ni neno moja kinywani mwa mtu, akisema wazi ameweka rehani makazi yake. Mume akisema wazi ameweka rehani fahari yake. Hasha, fahari nayo si kitu kidogo: mwanamume aliyelelewa kuamini kwamba anajua, kuuliza kwake ni kukiri kwamba hakujua, na wengi wangependa kununua chupa ya dawa kwa mtu asiyemjua kuliko kumuuliza mtu waliyelala naye miaka 20. Lakini fahari ikipotea mtu hulala mahali pale pale. Makazi yakipotea, hapana.

Hoja ya tabibu

Hapa tutapita upesi, kwa kuwa panapohusika mwili pana bishano dogo. Kisukari huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na mume mwenye kisukari anayepungukiwa nguvu hana haja ya kutafuta mchawi. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu hufanya vivyo hivyo, na lililo salama ni kumwambia daktari abadilishe, si kuziacha kimya kimya. Kupungukiwa nguvu kwaweza pia kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa moyo, ambayo ni sababu tosha ya kupita mbele ya nguzo ile yenye tangazo bila kusimama. Vidonge vya sildenafili, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, vimewasaidia wengi, lakini anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akivimeza huweza kushukwa na shinikizo la damu kwa kiasi cha hatari. Na chupa isiyo na maandishi hakuna ajuaye kilichomo. Kwa mke, kunyonyesha na kukoma hedhi hupunguza unyevu na kuleta maumivu yanayotibika. Makovu ya uzazi na ya ukeketaji yana maumivu yao, ambayo hakuna kungwi aliyepata kuyaondoa kwa mafumbo.

Kasoro ya tabibu ni kwamba mlango wake hufunguka kwa neno. Mgonjwa asiyeweza kumwambia mwenziwe kwamba anaumia hataweza, aghalabu, kumwambia kijana aliyevaa koti jeupe ambaye nyuma ya pazia lake wamekaa majirani wanne kwenye benchi. Tiba ipo, linalokosekana ni sentensi ya kwanza.

Neno linapofika kwa kadhi

Dhiki isiyopata njia ndani ya nyumba hutoka nje, na ikitoka hubadilika umbo. Fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo ya pwani, humpa mke wa mume asiyeweza haki ya kumpeleka kwa kadhi, na kadhi humpa mume muda wa mwaka mmoja, ili misimu yote ya joto na baridi impitie, ijulikane kama ni ugonjwa wa kupita; mwaka ukiisha bila ya mabadiliko, mke aweza kudai faskhi, yaani kadhi aivunje ndoa. Lakini mume aliyemwingilia mkewe hata mara moja baada ya nikahi hashtakiwi tena kwa mlango huo. Aliyeapa kutomkaribia mkewe hupewa miezi minne, kisha hutakiwa arejee au aache. Kwa maneno mengine, hukumu hupima uwezo na muda. Kuridhika imekuachia adabu, yaani kwa Ghazali na rafu yake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo huwataka wenye mgogoro wapite kwanza katika baraza la usuluhishi. Kati ya mambo ambayo imeyataja kwa majina kuwa dalili za ndoa iliyovunjika umo uzinzi, umo ukatili na umo utelekezaji, lakini kutoridhika hakumo, basi mwenye kutoridhika sharti aitafutie dhiki yake nguo miongoni mwa hizo.

Susan Hirsch, katika utafiti wake wa mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi uliochapishwa mwaka 1998, alionyesha jinsi mke anayesifiwa nje kwa uvumilivu anavyolazimika ndani ya mahakama kuwa msimulizi wa siri za nyumba, na jinsi usimulizi huo, hata ukimpa ushindi, unavyomgharimu heshima. Hapo ndipo dhuluma ya ukimya inapoonekana kwa ukubwa wake: neno ambalo lingesemwa chumbani mbele ya mtu mmoja, kwa sauti ya chini, sasa lasemwa mbele ya karani anayeandika.

Mizani

Ukiziweka hoja hizi pamoja, waona kwamba zote zinagombania swali la kusema au kutosema, na kwamba karibu zote zimekwisha kukubaliana, bila ya kujua, juu ya jambo lililo baya zaidi: kwamba neno la unyumba liambiwe mtu mwingine. Sitara hulikabidhi kwa udi, mafunzo hulikabidhi kwa kungwi, tabibu huliita kwenye pazia lake, kadhi kwenye daftari lake. Hata mshauri wa kisasa, kwa uwazi wake wote, mara nyingi huwa mtu wa tatu aliyeketi kati ya wawili. Mtu wa tatu ana kazi yake, na pale penye kipigo au vitisho kazi yake ni ya lazima, kwani huko kumshauri mke azungumze kwa upole ni kumtuma kwa mwenye fimbo. Lakini katika nyumba za kawaida, ambazo hazina ila isipokuwa kutojuana, mzunguko umekuwa mrefu kuliko safari.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, sitara haistahili kuvunjwa. Yastahili kuongezewa msamiati. Ni jambo la kupendeza kwamba Masters na Johnson, ambao hutajwa kama wazazi wa uwazi, hawakutegemea maneno peke yake: waliwakataza wagonjwa wao tendo lenyewe kwa muda, wakawaagiza waguse na kuguswa pasipo kutafuta mwisho, na anayeguswa auongoze mkono wa mwenziwe kwa mkono wake. Mkono juu ya mkono ni ishara. Hausikiki chumba cha tatu, hauna tusi wala koleo, na una neno la "polepole" na neno la "hapo" na neno la "bado". Mswahili aliyezoea kusema kwa kanga na asumini hawezi kudai kwamba lugha hiyo ni ya kigeni kwake. Amekuwa akiishia nayo mlangoni tu.

Lililobaki ni la mume, na ndilo gumu, kwa sababu hakuna chuo kilichomngoja. Usiku wa kuamkia harusi mkewe alikuwa amekwisha kukaa siku kadhaa ndani na somo yake, amesingwa, ametiwa hina, amejaa mafumbo. Yeye alikuwa kwa kinyozi na rafiki zake, na aliyoambiwa pale yalikuwa mzaha. Tangu siku ile amelala kando ya chuo kizima, na hakupata kugonga mlango. Hana haja ya kuanza kwa kuuliza kama anaridhisha, swali ambalo mke mwenye haya atalijibu "naam" hata kama jawabu ni jingine. Aweza kuanza mahali ambapo mke ndiye mjuzi na yeye ndiye mwanafunzi, mchana wa siku ya mapumziko, kahawa ikiwa bado moto: "Mama Salma, yule somo yako, siku zile saba, alikwambia nini?"